Atakaa Penye Maua

Asubuhi niliyoondoka Tala sikuwa nimepanga kuondoka. Nilitoka nyuma ya vibanda vya mitumba kunawa uso, nikaona barabara haina mtu, nikaendelea kutembea. Nguo nilizokuwa nazo ndizo nilizokuwa nimevaa. Nilikuwa nimebeba magunia pale sokoni tangu masika, na hakuna aliyenifukuza. Ndivyo nilivyokuwa miaka ile ya tisini. Nikishajua kila kichochoro cha mahali, na nani hasalimiani na nani, miguu inaanza kuniwasha. Shule niliiacha darasa la sita kwa njia hiyohiyo. Mwalimu aliniuliza ninataka kwenda wapi maishani, nikamwambia sijui, akanicharaza viboko kwa kutojua, nami kesho yake sikurudi.

Nilifuata vijia vinavyopanda upande wa Kathiani, katikati ya mashamba ambayo mahindi yake yalikuwa yamevunwa na mabua kuachiwa ng'ombe. Jua lilipokuwa kali nikafika kwenye boma lenye nyumba mbili za mawe zinazotazamana. Kati yake palikuwa na uwanja uliofagiwa hadi ukang'aa, na kila nyumba ilikuwa na veranda yake. Veranda ya kushoto ilikuwa imefunikwa na bogainvilia, lile ua la miiba linalopanda, lenye maua kama karatasi. Lilikuwa jekundu mpaka macho yakauma. Veranda ya kulia ilikuwa na bogainvilia pia, kubwa zaidi, nene, ya kijani kibichi, isiyo na ua hata moja.

Mwanamke wa makamo alikuwa amesimama chini ya ile ya kijani akimimina maji mizizini kutoka kwenye mtungi. Kando yake punda alikuwa akilamba karai tupu.

"Mwaitu, naomba maji," nikasema. Mwaitu ni mama yangu, na kwetu kila mwanamke wa umri wa mama yako ndivyo unavyomwita.

"Ya kunywa?"

"Ndiyo, mwaitu."

"Hii ni ya maua." Akamaliza kumimina, akatikisa mtungi hadi tone la mwisho. Kisha akanitazama. "Unajua maua?"

"Najua," nikasema, kwa sababu nilikuwa na kiu.

Ndivyo nilivyopata kazi. Nilipewa kona ya kulala kwenye ghala la mahindi, chakula mara mbili, na punda. Kazi yangu ilikuwa kuteremka mtoni na kupanda tena na maji, na kutafuta, popote yalipo, maneno ya mtu anayejua kwa nini ua hili halitoi maua.

Ilinichukua siku chache kuelewa kwamba halikuwa jambo la urembo. Nyumba zile mbili zilikuwa za wake wawili wa mume mmoja. Mke mkubwa alikuwa yule wa kushoto, mwembamba, mwenye wana wakubwa waliokwisha kuoa na kuhama. Mke mdogo, aliyeniajiri, alikuwa na wasichana watatu katika shule ya bweni. Mume alifanya kazi bandarini Mombasa, akija nyumbani Pasaka na Krismasi. Alikuwa anakaribia kustaafu. Pasaka ya mwaka ule wake zake walikuwa wamegombana mbele yake juu ya kiti chake, kiwekwe veranda ya nani atakaporudi moja kwa moja. Akina mama wa kanisa walikuwepo wakinywa chai. Mzee aliwaacha wapigane mpaka wakachoka, kisha akasema, huku akijichokonoa meno, "Nikirudi kabla ya mvua, nitakaa penye maua."

Watu walicheka. Alisema kwa mchezo, kama mtu anayetupa mfupa mmoja kwa mbwa wawili. Lakini lilikuwa limesemwa mbele ya watu, na mtu mkubwa hasemi neno mbele ya watu kisha akalimeza. Kwa mke mdogo maana yake ilikuwa moja tu. Penye kiti ndipo penye pensheni. Kiti kikienda kushoto, pensheni ingeliwa na wajukuu wa mke mkubwa, na wasichana wake watatu wangerudi nyumbani na masanduku yao ya bati.

Basi kila siku nilimletea maji, na kila siku alilimwagia. Mbuzi walikonda. Yeye mwenyewe alioga kwa kitambaa. Na kadiri alivyolinywesha ndivyo lilivyozidi kuwa kijani.

Ndani ya nyumba mambo yalikuwa mabaya zaidi. Sebuleni, juu ya makochi yaliyovikwa vitambaa vya kufuma, alikuwa na mani planti, ile mimea inayotambaa. Alikuwa ameipitisha ukutani kwenye misumari hadi juu ya picha ya harusi. Ilikuwa imegeuka njano, na kila asubuhi jani moja au mawili yalikuwa yameanguka juu ya kochi. Kulikuwa na begonia mbili zilizolala kama zimepigwa. Vyote vilikuwa vimepandwa kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia iliyopakwa rangi ya fedha.

Mke mkubwa, kwa upande wake, hakutuambia neno. Alizungumza na kuku wake.

"Wewe," alikuwa akimwambia kuku mmoja kwa sauti ya kufika kwetu, "unakula mchana kutwa, unakunywa mchana kutwa, mayai hakuna. Wewe umekuja kwangu kupendeza ama kujaza choo?"

Mke mdogo alikuwa akitoka verandani na ufagio. "Kuku wengine wamezeeka, wamebaki kelele! Hata supu yao haina mafuta!"

"Huyu wa kijani anasema nini?" mke mkubwa alikuwa akimwuliza kuku.

Mimi nilikuwa nikisimama na punda katikati, nikisikiliza. Nakiri nilifurahia. Nilikuwa sijawahi kuona watu wanaochukiana kwa bidii kama ile na bado wanaanika nguo kwenye kamba moja.

Kuhusu maua, niliuliza kila mtu. Ninapenda kuuliza, ni ugonjwa. Mama mmoja wa kwaya aliniambia maua ya ndani yanataka mafuta, kama ngozi ya mtoto. Tukayapaka majani mafuta ya kupikia, jani moja moja. Jumapili ile yaling'aa, na wageni wakasifu. Kufikia katikati ya wiki vumbi lote la Kathiani lilikuwa limegandia juu yake, yakawa kama vipande vya nyama vilivyoviringishwa kwenye unga kabla ya kukaangwa.

Nilitumwa Machakos mjini. Mwenye duka la agroveti alinisikiliza huku akipima chakula cha kuku. "Inataka mbolea ya kukuzia," akasema.

"Hiyo si ya mahindi?"

"Ua linajua kama si hindi?"

Tulilitilia mbolea ya kukuzia. Bogainvilia ikapanda hadi juu ya mabati, ikatoa majani mapana kama ya boga, na miiba mirefu kama kidole. Maua hayakuja. Mke mkubwa alimwambia kuku wake, "Sasa hii ni msitu. Watu waangalie, chui asiingie humu."

Nilirudi Machakos kumtafuta bwana shamba, mtu wa serikali ambaye kazi yake ni kuwashauri wakulima. Ofisi yake ilikuwa na benchi lililojaa watu, na mimi nilieleza shida yangu mbele yao wote kwa sababu hakuna aliyesogea.

"Maua inaliwa na nani?" akaniuliza.

"Hailiwi."

"Inakamuliwa?"

"Hapana."

"Sasa iko na shida gani?" Benchi lote likaanguka kwa kicheko. "Wewe ni kijana mwenye mikono miwili, mama amekutuma kuuliza habari ya maua na watu hapa wako na ng'ombe zinakufa. Rudi nyumbani. Ukiona mbuzi amekula hiyo kitu akashukuru, kuja uniambie."

Njiani nilinunua maandazi. Yalikuwa yamefungwa kwenye ukurasa wa gazeti la kigeni, na juu yake, chini ya doa la mafuta, palikuwa na picha ya mani planti. Nilikaa kando ya barabara nikasoma kwa kidole, neno kwa neno, Kiingereza changu cha darasa la sita kikinitoa jasho. Walisema mimea ya ndani iondolewe dirishani theluji inapoanza kuanguka, na isiwekwe karibu na moto wa sebuleni. Nilimsomea mke mdogo jioni ile. Alifikiri kidogo, akauliza kama huko Mombasa kwa mumewe kuna theluji. Hakuwa anatania. Alikuwa amefika mahali ambapo mtu huamini chochote, ilmradi kimeandikwa na kinatoka mbali.

Ilikuwa karibu siku hizo kaka wa mke mkubwa alipopita kumsalimia dada yake. Naye alifanya kazi bandarini, idara moja na mume. Walikaa ndani mlango umefungwa, akanywa uji, akaondoka na jua. Sikulitia maanani. Kaka za watu hupita.

Kesho yake, nilipokuwa napandisha punda, mke mkubwa aliniita kutoka verandani kwake. Hakuwa amewahi kuniita.

"Mwanake. Kuja." Mwanake ni kijana wa kiume, na alivyolisema lilisikika kama jina la kitu kilichotupwa. "Unazunguka ukiuliza watu habari ya maua. Umeuliza mpaka wezi. Mimi hujaniuliza kwa nini?"

"Niliogopa, mwaitu."

"Vizuri. Kaa chini uulize."

Nikauliza. Alikuwa akichambua mbaazi na hakuinua uso.

"Ile kitu ya huyo mwenzangu haiugui. Imeshiba. Itatoa maua ya nini, na maji inaletewa na punda? Ua hilo hutoa maua likiona linakufa. Linyime maji."

"Kwa siku ngapi?"

"Hakuna siku. Nyima mpaka majani yaanguke na wewe uogope. Ukishaogopa, ngoja tena. Halafu mpe kikombe, si mtungi. Na uchukue panga, ukate hiyo misitu yote iliyopanda kwa mabati. Kata kama unakata adui."

"Ikikauka kabisa?"

"Ikikauka si yako."

Nikauliza kuhusu yale ya ndani. Akacheka kwa pua. "Hayo amezamisha. Mikebe yake haina matundu, kwa sababu anaogopa maji yachafue vitambaa vyake. Mizizi iko ndani imeoza kama miguu ya mtu aliyevaa gambuti mwaka mzima. Chukua msumari, toboa chini. Mwaga maji ya zamani. Na mfute majani hayo mafuta, kwani anataka kuyala?"

Hakuna kitu alichosema ambacho hakikuwa kweli. Nimeishi kwenye maboma mengi tangu wakati ule, na penye maua yanayonyong'onyea nimeyarudia maneno yake, na hayajaniangusha. Nilikuwa nimeuliza watu walionitakia mema, wakanipa upuuzi. Ushauri wa kuaminika ulitoka kwa mtu ambaye angeweza kunitazama nikizama kisimani na kuniuliza kama ndoo iko salama.

"Kwa nini unaniambia?" nikauliza.

"Kwa sababu umeuliza."

"Yeye hatakubali ikitoka kwako."

"Atafanya kinyume, namjua. Mwambie bwana shamba amesema. Hao watu wa serikali anawaamini." Akatupa ganda la mbaazi. "Na ukifukuzwa huko, kuja. Kuna chumba cha vijana wangu kiko tupu."

Nilimwambia mke mdogo kuwa bwana shamba alinifikiria tena, akanifuata hadi stendi, akanieleza yote. Alisikiliza huku mikono ameikunja.

"Niinyime maji? Mtu wa serikali amesema hivyo?"

"Mpaka majani yaanguke, mwaitu."

"Na atakuja kuangalia?"

"Anaweza kuja."

Hilo ndilo lililomshika. Siku hiyohiyo nilipanda juu ya mabati na panga, na jioni uwanja ulijaa matawi. Mikono yangu ilikuwa imechanwa na miiba kana kwamba nimepigana na paka gunia zima. Nilitoboa mikebe kwa msumari. Maji yaliyotoka yalinuka kama bwawa la ng'ombe, yakatiririka hadi chini ya kochi. Mke mdogo alilia kwa ajili ya vitambaa. Kisha akazoea. Mani planti ilikuwa ya kwanza kuinua kichwa. Ilitoa jani dogo lililojikunja, la kijani safi, karibu na picha ya harusi, na yeye akalionyesha kila aliyepita kama mtoto aliyeota jino.

Bogainvilia ilimchukua kwa namna nyingine. Mwanzoni alishindwa kuitazama. Majani yalilegea, yakakunjamana, yakaanza kuanguka moja moja juu ya saruji. Halafu kitu kikageuka ndani yake. Akaanza kuvuta kiti hadi mbele ya lile ua mchana, na kikombe cha maji mkononi, akayanywa polepole, funda kwa funda, akilitazama.

"Unataka?" alikuwa akiliuliza. "Sema unataka. Nilipokuwa nakupa ulikuwa unaringa. Sasa utajua mimi ni nani."

Wakati mwingine alimwaga tone moja kwenye saruji, mahali ambapo mizizi haifiki, akalitazama likikauka. Nilikuwa nikipita na punda, ambaye sasa alipumzika na kunenepa, na nilijifanya sioni. Niliwahi kumsikia akiliita lile ua kwa jina la mumewe.

Ng'ambo ya uwanja, mke mkubwa alikuwa ameanza kubeba maji. Kila alipooga au kuosha vyombo aliyatoa kwa karai na kuyamimina kwenye mizizi ya bogainvilia yake, kisha akaongeza ya mtungi. Maua yake mekundu yalianza kupukutika. Mahali pake paliota machipukizi marefu, laini, ya kijani. Nilimwuliza sababu.

"Yangu imechoka," akasema. "Wacha inywe."

Nilipeleka habari hiyo upande wa pili. Mke mdogo alicheka mpaka akashika nguzo. "Amechanganyikiwa! Uzee umempanda kichwani! Anaua ua lake kwa mkono wake!" Alinipa kipande cha nyama siku ile. Ndiyo nyama ya pekee niliyoila katika boma lile.

Kisha vitumba vya maua vikaja. Kwanza vilikuwa vidogo kama mchele, kwenye matawi niliyodhani yamekufa. Tukalimwagia kikombe, si mtungi. Baada ya hapo halikusimama. Lilifunguka kutoka chini hadi juu, zambarau iliyokolea, hakuna jani lililoonekana, mpaka veranda ikawa kama imevaa nguo ya sherehe. Watu waliotoka kanisani walipitia kwetu kulitazama. Mke mdogo alisimama chini yake amevaa kitambaa kipya kichwani, akipokea sifa. Upande wa pili palikuwa na kichaka.

"Kuku wako leo hawasemi?" akamwuliza mke mkubwa mbele ya watu.

"Wanatazama," mke mkubwa akajibu.

Mume alirudi kabla ya mvua, kama alivyosema. Aliletwa na pikapu ya kukodi, mchana, na akina mama wa kanisa walikuwa tayari wamekaa na vikombe kwa sababu mke mdogo alikuwa amewaalika waone kiti kikienda mahali pake. Wanaume wawili waliruka kutoka nyuma. Walifungua mlango, wakamtoa mzee kama unavyotoa gunia lililochanika, mmoja akishika chini ya makwapa na mwingine miguu. Upande mmoja wa mwili wake ulikuwa umekufa. Mdomo ulikuwa umeenda kando, na ute ulikuwa umechora mstari kwenye shati lake jeupe. Alinuka mkojo wa safari nzima.

Kisha nikaona mke mkubwa anavuka uwanja, amebeba kiti. Kilikuwa kile kiti cha mbao chenye mikono, kilichogombewa Pasaka. Alikipandisha kwenye veranda ya mke mdogo, akakifuta vumbi kwa upande wa leso yake, akakiweka katikati kabisa ya maua.

"Mwekeni hapa," akawaambia wale wanaume. Akawageukia akina mama. "Nyinyi mlikuwepo. Alisema atakaa wapi?"

Mama mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Penye maua."

"Basi mimi ni nani nimpinge?"

Mzee alikalishwa. Kichwa chake kililalia bega, na maua ya zambarau yakaanguka mapajani mwake. Mke mdogo alikuwa bado ameshika birika la chai.

"Ulijua," akasema.

"Kaka yangu alipita."

"Na pesa yake?"

"Pesa gani? Kuna mwingine huko Likoni, wa tatu. Huyo ndiye alikula yote. Alipoanza kujikojolea akamlaza mlangoni kama mkeka mbovu. Ni kaka yangu alimwokota."

"Wasichana wangu wako shuleni," mke mdogo akasema. Hakuwa akimwambia mtu. "Wasichana wangu ada yao..."

"Wako na mikono," mke mkubwa akasema. "Watakusaidia kumwosha."

Mzee akafungua mdomo. "Ma," akasema. "Ma. Ma." Mama mmoja akauliza anasema nini, ni maua au ni maji.

"Ni maji," mke mkubwa akasema, akishuka ngazi. "Mpe. Huyo hanyimwi."

Ndipo mke mdogo aliponitazama. Niliona fikra ikipita usoni mwake, kutoka kwenye mikebe hadi kwenye panga hadi kwenye kikombe. "Bwana shamba," akasema. "Ni bwana shamba gani alikwambia?"

Sikuhitaji kujibu, kwa kuwa yule aliyekuwa katikati ya uwanja aligeuka na kujibu kwa niaba yangu.

"Ni mimi. Mimi ndiye bwana shamba wako."

Wageni waliondoka bila kumaliza chai. Mke mdogo aliingia ndani, akatoka na panga, akaanza kukata bogainvilia pale pale juu ya kichwa cha mumewe. Alikata vibaya, bila kuchagua tawi, akivuta kwa mikono, na miiba ikimchana hadi viwiko. Matawi yalimwangukia mzee. Mwiba mmoja ulimshika shavuni, upande ulio hai, na jicho la upande huo likatoa machozi, lakini mkono wake haukuweza kufika kuuondoa. Mke alipomaliza, veranda ilikuwa tupu. Kiti kilikuwa palepale. Maneno yalikuwa yamesemwa mbele ya watu mara mbili sasa, na hakuna panga la kukata hayo.

Niliuondoa ule mwiba. Ndiyo kazi ya mwisho niliyoifanya pale. Mke mdogo alinitupia shati langu kutoka ghalani na kuniambia nikalale kwa bwana shamba.

Nikavuka uwanja. Mke mkubwa alikuwa akichambua mbaazi, vilevile, hajainua uso.

"Mwaitu, ulisema kuna chumba."

"Chumba gani?"

"Cha vijana wako."

"Ah." Akaichomoa mbegu moja kwa kidole gumba. "Wewe ulikula kwake, ukafanya nililokwambia mimi. Ukila kwangu utafanya atakalokwambia nani? Nenda, mwanake. Nyumba hii imechoka na wanaume." Kisha, nilipokuwa nimeshafika kwenye mti wa lango, akaniita. Nilidhani amebadili moyo. "Hiyo begonia," akasema, "hukuitoboa mkebe wa pili. Nimeona inalala. Itakufa."

Ilikuwa kweli. Niliisahau.

Niliteremka hadi barabara kuu, na nilipoulizwa ninakwenda wapi na dereva wa lori la mchanga lililokuwa tupu, nikamwambia anakokwenda yeye. Alinipandisha nyuma. Tulipita Tala bila kusimama. Niliwaona wabebaji wa magunia, na hakuna aliyenitambua kwa vumbi. Baada ya hapo vilima vikaisha, nchi ikalala chini, ikawa ya miiba na mchanga na mbuzi waliosimama kwa miguu ya nyuma kufikia matawi. Jua lilikuwa linashuka aliponishusha kwenye vibanda vichache, akasema hapa ni Ndithini na yeye anaingia mtoni kupakia.

Palikuwa na hoteli ya chai moja, na vyumba nyuma yake. Mwenyewe alikuwa mwanamume mnene aliyekuwa akipepeta ndengu kwenye ungo. Alinitazama kutoka miguuni kupanda.

"Unatafuta nani?"

"Hakuna."

"Umetoroka nini?"

"Hakuna."

"Mtu wa hakuna na hakuna." Akawaambia wanywaji chai, "Huyu ni mgeni wa hakuna," wakacheka, naye akaweka ungo chini. "Kuna kitanda. Kuna mshonaji viatu analala upande wa ukutani, anakoroma kama trekta, na ukimgusa anapiga teke. Utalala upande wa mlango. Kazi utaonyeshwa kesho."

Nikasema sawa. Chumba kilikuwa na dirisha dogo kama sanduku, kuta za udongo, na misumari miwili ya kutundikia nguo, yote miwili ikiwa na nguo za mshonaji viatu. Alikuwa tayari amelala, viatu vya watu vimepangwa kichwani pake. Mwenye hoteli alijaribu kufunga mlango ukakataa, akaupiga teke, ukakataa tena. Akatoka, akarudi na jiwe kubwa akilikumbatia kifuani, akaliangusha ndani karibu na mguu wangu.

"Lisukume mwenyewe," akasema. "Na asubuhi uliondoe, mbuzi hupita hapa."